Kikohozi Nilichokisafirisha Ulaya

Nikuambie mapema kabisa: ukimaliza kusoma hapa utaniona mjinga. Sawa tu. Mimi mwenyewe nikijitazama kwenye kioo naona mjinga, na kile kioo nimekinunua kwa hela yangu. Lakini naandika kwa ajili yako wewe unayekohoa hapo ulipo, unajiambia ni vumbi la machimbo, ni baridi, ni sigara za jirani. Mimi nilisema hayo yote. Nikaongeza na langu la ziada: nilisema ni hewa ya bahari.

Naitwa Shabani. Mzigua wa Handeni, naishi Turffontein, hapa Joburg, Afrika Kusini, nyuma kidogo ya uwanja wa farasi. Kazi yangu kushona, lakini si nguo. Nashona maturubai, mahema, vifuniko vya boti na matanga yenyewe, kwenye karakana ya Bosi Piet kule Randburg. Ndiyo, Joburg haina bahari. Ina matajiri, na tajiri akikosa bahari ananunua boti anaiweka kwenye bwawa.

Siku ya kwanza kazini Bosi aliniuliza natoka wapi. Nikasema Tanga. Akafungua ramani kwenye simu, akaona Tanga imekaa pembeni ya maji, akafurahi mno. "Aa, kumbe wewe ni mtu wa bahari!" Sikumkatalia. Handeni mpaka baharini ni safari ya kufunga chakula, na bahari nilikuwa nimeiona nikiwa juu ya lori la machungwa, inapita kwa mbali. Lakini mtu akikupa sifa ya bure, unamrudishia ya nini?

Basi kila Jumapili akawa ananichukua bwawani Vaal nimsaidie kuvuta kamba. Nikajifunza kweli. Mke wake, Mama Elna, alikuwa ananisomea kitabu cha unahodha jioni baada ya kazi, maana Kiingereza changu cha kusoma kinaishia kwenye kopo la maziwa. Shule yangu ni ya msingi, na huo msingi wenyewe ulikuwa na nyufa. Lakini kichwa kinashika. Mtihani nikapita, Mama Elna akalia, mimi nikacheka.

Hawa wawili wana boti yao ya matanga ambayo huiweka Malta. Kila mwaka wanazunguka nayo bahari ya Mediterania, wao peke yao, tena kipindi cha baridi watalii wakishaondoka, kwa sababu Bosi anapenda bahari ila hapendi watu. Mwaka ule goti lake likagoma, akapasuliwa. Akaniita.

"Shabani, boti ikilala msimu mzima inaoza. Mchukue mkeo. Mtoke nayo Malta mpaka Sisilia, halafu polepole mpaka visiwa vya Ugiriki. Bandari tupu, hakuna wa kuwasumbua."

Makaratasi akashughulikia yeye. Mimi nikatoka pale natembea kama sigusi ardhi. Na nilikuwa nimeshaanza kukohoa.

Mke wangu Hadija ni Mrangi wa Kondoa, msusi. Nikikuambia msusi usifikirie msusi wa kawaida. Vidole vya Hadija vilikuwa vinasuka huku macho yake yako kwenye tamthilia. Mteja alikuwa anakaa, anapiga soga, anainuka ana mistari imenyooka kama imepigwa rula. Nilipomwambia habari ya safari aliniangalia kama nimemwambia tuhamie mwezini.

"Desemba, Shabani? Unajua Desemba ni nini kwa msusi?"

"Najua."

"Hujui. Desemba ndiyo shamba langu. Navuna mara moja. Halafu mimi na maji wapi na wapi? Maji mengi niliyowahi kuona ni ya kwenye pipa."

"Utakuwa na mimi, kapteni."

"Ndiyo hilo linalonitisha."

Lakini alikubali. Alimwachia mwenzake kiti cha saluni, akanunua koti, akasema anataka kuona kama kweli kuna kitu duniani ninachokiweza.

Sasa ngoja nikuambie habari ya Masanja, maana hapa ndipo ujinga wangu ulipo. Masanja ni kinyozi, Mnyamwezi wa Tabora, kibanda chake kiko pembeni ya spaza, kile kiduka cha mtaani kwetu. Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Kwa wewe usiyejua: mtani anaruhusiwa kukutukana mbele ya watu, kukukamatia kitu chako, hata kuja msibani kwako kufanya vituko. Huruhusiwi kukasirika. Dawa yake ni kumrudishia kubwa zaidi. Anayenuna ndiye ameshindwa.

Nilikaa kwenye kiti chake siku moja, nikakohoa mpaka akasimamisha mashine.

"Mzigua, umekwisha," akasema. "Shingo imebaki kama ya kuku aliyenyonyolewa. Nenda kapime kabla hujamzika mtoto wa watu."

Kibanda kizima kikacheka.

"Kimya, mbeba mizigo," nikamwambia. "Nikifa mimi, si wewe utanibeba? Kazi ya babu yako hiyo, usijifanye umesahau."

Watu wakapiga makofi. Nikajiona nimeshinda.

Siku moja kabla ya safari nikaenda kunyolewa, nina mkoba wenye pasi zetu na makaratasi yote. Masanja akaunyakua, akautia kwenye droo ya mashine, akaikalia.

"Nimekamata. Mzigua haendi Ulaya mpaka alete karatasi ya kliniki."

Shangwe. Watu wakatoa simu wakarekodi. Na mimi nikafanya kama mila inavyotaka: mtani akikamata kitu chako, unakikomboa. Nikavuka barabara nikarudi na kuku wa kuchoma na soda ya tangawizi. Nikaviweka mbele yake kwa magoti, kwa madoido.

Masanja hakucheka. "Sitaki kuku. Nataka kliniki."

"Aa, Masanja!" watu wakamzomea. "Utani una sheria zake. Kuku huyo hapo. Toa mkoba."

Akakaa kidogo. Akainuka. Akafungua droo akanipa. Yule kuku hakumgusa, tukamla sisi wengine. Nilidhani ameshiba.

Basi tukaenda.

Nisikudanganye, ilikuwa nzuri. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo. Ingekuwa safari mbaya ningerudi mapema. Malta ilitupokea na mvua ya ubavuni, Hadija amevaa makoti mawili na khanga juu, anasoma dua kwa sauti tunapotoka bandarini. Wiki ya kwanza alitapika kila alichokula. Wiki ya pili akaanza kuuliza hii kamba ya nini. Tulipofika Sisilia alikuwa anashika usukani mimi napandisha tanga, anaimba nyimbo za kwao za mavuno, bahari yote tupu, hakuna boti nyingine hata moja. Msimu wa machungwa ulikuwa umeingia kule, mzee mmoja wa bandarini akatupa gunia zima kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumpa. Hoteli zimefungwa, viti vimefungwa minyororo, miavuli imevishwa mifuko. Paka tu ndio walikuwa kazini.

Kwenye kisiwa kimoja cha Ugiriki upepo ulituzuia kwa siku nyingi. Mwanamke anayeuza mikate alivutiwa na kichwa cha Hadija, akakaa kwenye kreti, akasukwa pale pale mbele ya tanuri, wateja wake wanasubiri mikate huku wanatazama. Hawakuwa na lugha moja hata neno. Wakaagana kwa kukumbatiana.

Lakini jioni tulikuwa tunaingia ndani, tunafunga kila kitu kwa ajili ya baridi. Chumba cha boti ni kidogo, ukijinyoosha unagusa mke, jiko na choo. Asubuhi kuta zilikuwa zinatiririka maji. Hadija alikuwa anazifuta kwa taulo, analalamika boti inavuja. Haikuwa inavuja. Yale maji yalikuwa pumzi zetu. Pumzi yangu mimi, imefungiwa mle, na yeye anaivuta.

Nilikuwa nakohoa kama jenereta. Natoka jasho kwenye baridi ile mpaka godoro linaloa. Suruali zilinikataa, nikawa nafunga kiuno kwa kamba ya tanga, namwambia Hadija ndiyo mtindo wa manahodha. Alicheka mwanzoni. Baadaye akawa hacheki.

Asubuhi moja nakaza kamba pale mbele ya boti, kikohozi kikanikamata, leso ikatoka nyekundu. Niliiosha kwa maji ya bahari haraka haraka. Hadija akatokeza kichwa mlangoni.

"Nini hiyo?"

"Nimeng'ata ulimi."

"Ulimi gani unaotoa damu yote hiyo?"

"Huu huu. Si unajua ulivyo mrefu."

"Shabani, tutafute daktari."

"Kisiwa hiki kina paka, mke wangu. Daktari hakuna."

Mji wenye hospitali ulikuwa mbele kidogo, safari ya mchana mmoja. Niliujua, uko kwenye ramani. Nikaupita. Unajua kwa nini? Kwa sababu kila bandari watu walikuwa wananiita kapteni. Mimi, Shabani wa Handeni. Nikajua nikiingia hospitali nitatoka mgonjwa, na boti itaendeshwa na mtu mwingine. Basi. Hakuna sababu nyingine kubwa. Natamani ingekuwepo.

Tulirudi Joburg mvua za kiangazi zinaisha, maana huku mvua huja na joto. Hadija hakunipa hata nafasi ya kufungua begi. Kesho yake alinishika mkono kama mtoto akanipeleka kliniki.

Kliniki ya mtaani kwetu ina benchi refu, na madirisha yote yako wazi, iwe jua, iwe barafu. Wanataka hewa ipite. Utakuja kuyachukia yale madirisha halafu utakuja kuyapenda. Nilitema kwenye kikopo, nikasubiri. Jibu likaja: kifua kikuu, tena kile sugu, kisichosikia dawa za kawaida. Sista Nomvula, muuguzi, akaniuliza nilikuwa naishi wapi miezi ya karibuni.

"Kwenye boti."

"Boti." Akaweka kalamu chini. "Na nani?"

"Na mke wangu."

Akaichukua tena kalamu. Akaandika. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, na sikuwa najiogopea mwenyewe.

Nilikaa hospitali mpaka miti ikapukutika majani. Nikaruhusiwa, nikaendelea kumeza nyumbani kipindi cha baridi chote. Vidonge vinajaa kiganja, ukivimeza unasikia vinagombania njia. Kunywa na chakula, nakusihi, hata kama ni uji. Kuna dawa moja inakugeuza rangi: ngozi inazidi kuwa nyeusi, halafu inaingia wekundu fulani kama meza ya mbao iliyopigwa vanishi. Mama Elna alikuja kunitazama getini na sufuria la supu, akanipita akidhani mimi ni mtu mwingine. Miguu inawaka kama umekanyaga pilipili. Unachukia harufu ya nyama. Halafu siku moja unaona suruali imeanza kukushika kiunoni yenyewe, na unakaa kitandani unaichekea suruali.

Masanja alikuwa anakuja hospitali, tunakaa nje kwenye benchi la jua, yeye na barakoa yake.

"Nilikuambia ukapime," akasema siku ya kwanza. "Sikukuambia ukajipake lami."

"Wivu. Mzungu analipa kupata rangi hii."

Tukacheka. Halafu akaanza kuchora ardhi kwa kijiti.

"Mdogo wangu alikufa kwa hicho kikohozi, Shabani. Tabora. Mimi mwenyewe nilimeza dawa. Nilikisikia kwako siku ya kwanza tu. Ningekuita pembeni nikuambie kama mtu na mtu, labda ungesikia."

"Ningekucheka."

"Najua. Ndiyo maana nilisema kiutani. Nilidhani utani ndiyo mlango wako pekee." Akatupa kijiti. "Yule kuku sikupaswa kumpokea."

Sikuwa na la kumrudishia. Kwa mila zetu hapo nilikuwa nimeshindwa. Nikakubali kushindwa.

Hadija alipimwa mara ya kwanza, yuko salama. Tukachinja kuku, tukashukuru Mungu. Wakati wa baridi kali, wiki zile watu wanachoma makaa kwenye ndoo nje, nikamsikia anakohoa jikoni. Kikohozi kidogo, kikavu, cha adabu. Nilikuwa nakijua. Nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia.

Sasa ikawa zamu yake kwenye lile benchi, chini ya madirisha yale yale, amejifunika blanketi, mimi pembeni yake nusu nimepona. Kile kile sugu. Alikipata kwangu, hakuna mjadala. Sista alisema wadudu ni wale wale.

Mama yake akapiga simu kutoka Kondoa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Shabani."

"Naam, mama."

"Nilikupa binti mzima."

Akakata. Hakunitukana. Bora angenitukana, matusi mimi ni lugha yangu. Mpaka leo akipiga simu anaongea na Hadija tu, na Hadija anatoka nje kuongea.

Mimi dawa zilinichoma miguu halafu zikaniacha. Hadija zilimshika miguu, zikapanda mikononi. Alianza kusema ncha za vidole zimekuwa kama zimevaa glavu. Daktari akatoa ile dawa inayoleta hayo, akaweka nyingine. Miguu ikarudi. Vidole vikarudi nusu.

Najua siku alipojua mwenyewe. Mjakaranda wa mtaa wetu ulikuwa umechanua, ameshapata nguvu, binti wa jirani amekuja asukwe. Nilikuwa nakata turubai uani. Nikaona Hadija anasuka anafumua, anasuka anafumua. Zamani hakuwa anatazama. Sasa alikuwa ameinama mpaka pua inagusa kichwa cha mtoto, anatafuta nywele kwa macho. Mistari ilikwenda upogo. Mtoto alisema asante dada Hadija, imependeza. Watoto wa hapa wana adabu wakitaka. Alipoondoka Hadija akakusanya vitana vyake, akavifunga kwenye kitambaa, akaviweka juu ya kabati kule nyuma.

"Vitarudi," nikamwambia. "Vidole vya Mrangi havifi, vinalala tu."

"Eish, Shabani," akasema. "Leo nyamaza."

Nikanyamaza. Nilikaa naye pale ukutani mpaka jua likazama, simsemeshi. Ilikuwa kazi ngumu kuliko vidonge.

Daktari anasema neva zinachelewa, huenda baada ya mwaka, huenda zisirudi zote. Sasa hivi Hadija anakaa pale saluni mlangoni, anapokea wateja, anauza rasta, anawaelekeza wasichana wanaosuka. Anawaambia vuta hapa, legeza pale. Mikono ameiweka mfukoni. Bosi anasema boti ipo, nikipata nguvu. Nimemwambia aniache kidogo na turubai zangu.

Kwa hiyo wewe unayesoma na kifua kinakukwaruza: fungua dirisha. Sasa hivi, kabla hujamaliza huu ukurasa. Halafu nenda kapime, na huyo unayelala naye umpeleke naye, na akionekana mzima leo mrudishe tena baadaye. Ukianza dawa utapata nafuu mapema na utajiona umepona. Hujapona, endelea kumeza. Mkojo ukibadilika rangi usipige mtu simu kulia. Vidole vikianza kufa ganzi sema siku hiyo hiyo, usisubiri tarehe ya kliniki. Na kama una mtu wa kukuambia ukweli kwa njia yoyote, kwa matusi, kwa utani, kwa kukuibia mkoba, msikilize huyo. Hana njia nyingine ya kukufikia.

Hadija alimeza kidonge chake cha mwisho wiki chache zilizopita, mvua za kiangazi za mwaka wa pili zimeanza. Sista Nomvula alimkumbatia, akampigia vigelegele vya Kizulu mpaka watu wa kwenye benchi wakasimama. Tukatoka tunatembea. Tulipofika kwenye robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, ikawa nyekundu, tukasimama, magari yanapita na maji. Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nilikuwa nimejipanga mwezi mzima.

"Hadija," nikasema, "naomba unisamehe. Mimi nilikuwa nahodha wa kwanza duniani kuzamisha abiria boti ikiwa inaelea."

Akacheka. Alicheka kweli, mpaka akashika nguzo. Taa ikawa ya kijani, watu wakavuka, sisi tukabaki pale. Akajifuta macho kwa ukingo wa mtandio, akaniangalia.

"Msamaha mimi nilishakupa, Shabani, zamani sana, huko huko benchini," akasema. "Ila wewe hujawahi kuniomba. Kila ukianza kuniomba, unanichekesha."